Kutoka Kisesa hadi Bujora kwa Miguu: Mawe Kwanza, Makumbusho Baadaye

Hotuba kwa walimu, wazazi na viongozi wa klabu za wanafunzi, Mwanza

Ndugu walimu, wazazi wenzetu, viongozi wa klabu na nyote mliofika, mwangaluka!

Tumeombwa tuzungumzie matembezi mepesi ya nusu siku, ambayo mtoto wa darasa la nne anayaweza na bibi mwenye fimbo yake anayaweza pia. Katika njia zote zinazolizunguka jiji letu tumechagua ile ya kutoka Kisesa hadi Makumbusho ya Wasukuma, Bujora. Ni kiasi cha kilomita 20 mashariki ya jiji, kwa barabara ya Musoma, tayari mmeingia wilaya ya Magu. Ukishuka daladala Kisesa, unatembea kidogo kando ya barabara kuu mpaka kwenye kibao cha makumbusho, kisha unaingia barabara ya vumbi. Mwendo wote hauzidi sana kilomita 2, na mpando wake ni wa polepole.

Sababu ya kuichagua ni moja. Vikundi vingi hushushwa na basi getini, hupitishwa mbele ya ngoma na vigoda kwa nusu saa, hupiga picha na kuondoka. Jioni mtoto akiulizwa ameona nini, hujibu "ngoma" na hana la kuongeza. Kosa si lake. Ile ngoma ilikuwa mti, ngozi yake ilikuwa ng'ombe aliyechungwa, jembe lilikuwa udongo wa chuma na mkaa, kihenge kilikuwa fito na mtama. Vyote hivyo vilitoka katika ardhi ambayo mtoto ameipita ndani ya basi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Anayekwenda kwa miguu, akasimama penye mawe na kushika udongo, huingia makumbusho na maswali yake mkononi. Kwa hiyo tunawasihi: likishawashusha Kisesa, gari liende Bujora tupu, lirudi na watu. Watoto waende kwa miguu.

Tuanze na saa, kwa kuwa saa ndiyo inayoharibu safari nyingi. Hapa Mwanza jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi mwaka mzima, na hukaa utosini karibu saa 7 mchana. Ondokeni mjini saa 1 kamili. Foleni ya Igoma mnaijua, kwa hiyo hesabuni dakika 45 hadi saa nzima. Anzeni kutembea saa 2. Mtu mzima akienda moja kwa moja atafika getini kwa nusu saa tu, lakini ninyi mpange saa 2 nzima, kwa sababu njiani kuna vituo viwili vya kujifunza, na cha tatu ni makumbusho yenyewe. Mkifika saa 4, mna saa 2 za makumbusho kabla joto halijafika kileleni. Kikundi kinachoanza saa 4 hukuta pimbi wamerudi mapangoni, watoto wana kiu na walimu wana hasira.

Maji: mtu mzima abebe lita moja na nusu, mtoto lita moja, na kila kundi liwe na nusu lita ya ziada kwa jaribio la udongo tutakalolieleza. Soda haihesabiwi kuwa maji. Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli ya mpira yenye mikato. Kandambili huteleza juu ya jabali, na mwiba wa mgunga hupenya soli yake moja kwa moja. Kofia pana ni bora kuliko mwavuli, maana mwavuli unachukua mkono mmoja na kwenye mawe mikono yote miwili ina kazi. Wekeni pia plasta, bandeji, sabuni, chumvi ya kuongeza maji mwilini na filimbi kwa kila kiongozi.

Watoto 30 wagawanyeni makundi matatu ya watoto kumi kumi, kila kundi na watu wazima wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma kabisa. Wa nyuma haruhusiwi kumpita mtoto yeyote, hata anayefunga kamba za viatu. Makundi yaachane kwa dakika kumi. Hili walimu hulipuuza, halafu watoto 30 wanajazana penye jiwe moja: walio nyuma hawaoni, hawasikii, wanaanza kurusha kokoto. Hesabuni vichwa mara nne: mkishuka kwenye gari, mkiacha barabara kuu, mkiondoka penye mawe, na getini.

Kipande cha barabara kuu ni kifupi, lakini ndicho cha hatari kuliko vyote. Mabasi ya Musoma na malori hupita kasi. Tembeeni upande wa kulia, mkitazamana na magari, mstari mmoja, nje ya lami. Kuvuka ni kwa pamoja, kiongozi akiwa amesimama upande magari yanakotokea. Asiachwe mtoto wa kuvuka peke yake baadaye.

Mkishaingia barabara ya vumbi, pungueni mwendo. Hapo mtapita karibu na makazi ya watu, na salamu ni sehemu ya safari. Asubuhi ni "mwangaluka", mchana na jioni ni "mwadila", na shukrani ni "wabeja". Mfundisheni kila mtoto kabla ya siku yenyewe. Kupiga picha nyumba ya mtu, mifugo yake au mtoto wake ni mpaka mwenyewe aombwe na akubali.

Kituo cha kwanza ni udongo. Wasukuma wa zamani hawakuhitaji maabara kupanga mashamba. Waliupa kila udongo jina na kazi yake kulingana na mahali ulipo kwenye mteremko. Juu kabisa ni mawe. Chini ya mawe ni luseni, mchanga mwepesi wenye chembe kubwa, unaolimika kwa jembe la mkono hata mvua ikiwa ndogo: hapo ni mihogo, viazi vitamu, karanga, uwele. Ukishuka zaidi ni itogolo, ardhi yenye tabaka gumu chini, inayotuama maji wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi. Hiyo waliiachia mifugo. Bondeni kabisa ni mbuga, udongo mweusi mzito unaopasuka nyufa wakati wa jua, mahali pa mtama, pamba na majaruba ya mpunga. Miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, aliueleza mpangilio wa namna hii kwa wanasayansi wa dunia, na mpaka leo unafundishwa vyuoni. Wakulima wa Usukuma walikuwa wakiutumia siku zote.

Jaribio ni hili. Chukueni luseni kiasi cha kijiko kikubwa, kiwekeni kiganjani, tieni maji tone kwa tone mkikanda mpaka ushikane. Viringisheni upate kamba ya unene wa penseli, kisha jaribuni kuikunja iwe pete. Luseni haitakubali: itamomonyoka hata kabla ya kuwa kamba. Kisha fanyeni hivyo hivyo kwa udongo wa mbuga, ambao mtakuwa mmekuja nao kwenye mfuko kutoka bonde lolote la karibu na kwenu, maana njiani huenda msiufikie. Huo utakunjika pete nzima bila ufa. Kinachokosewa kila mara ni maji: mtoto akimwaga mengi kwa mara moja anapata tope, na tope halimwambii kitu. Akikosea, aongeze udongo mkavu na aanze kukanda upya. Muulizeni basi: ungekuwa na jembe moja na mvua imechelewa, ungeanza kulima wapi?

Kituo cha pili ndicho kirefu, nacho ni mawe.

Chagueni rundo lililo karibu na njia, lenye kivuli upande mmoja, na mpate ruhusa kama liko ndani ya eneo la mtu. Kabla ya kupanda, waketisheni chini na mtazame kwa dakika tano. Haya ni matale, mwamba uliotokana na uji wa moto uliopoa polepole ndani sana ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2 na nusu iliyopita. Kwa sababu ulipoa polepole, chembe zake ni kubwa, zinaonekana kwa macho matupu. Zinazong'aa kama kioo cha kijivu ni kwatzi, msumari hauzikwaruzi. Nyeupe au za rangi ya waridi ni felspa. Vigamba vyeusi vinavyometameta ni maika. Kwa miaka mingi felspa huoza na kuwa mfinyanzi, maika huoza pia, lakini kwatzi hubaki. Ule mchanga wa luseni uliokataa kukunjika pete ni hiyo kwatzi. Maji nayo huchukua mfinyanzi na madini yaliyoyeyuka, huyateremsha bondeni. Mtoto akiligundua hili mwenyewe, kwa kulinganisha kiganja chake na jiwe, mmeshavuna nusu ya safari.

Sasa swali ambalo kila mtu huuliza Mwanza, tangu Jiwe la Bismarck pale Kamanga mpaka mlimani kwao: nani aliyapanga mawe haya, moja juu ya jingine? Hakuna aliyeyapandisha. Yako pale pale yalipokuwa siku zote. Mwamba ulipokuwa bado chini ya ardhi ulikuwa na nyufa, za wima na za ulalo, zilizoukata vipande vya pembe nne. Maji ya mvua yalipenya kwenye nyufa na kuozesha mwamba kutoka kila upande. Kona ya kipande hushambuliwa kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na uso kutoka upande mmoja tu. Ndiyo maana kona huisha kwanza, na kilichokuwa cha pembe nne kinakuwa duara. Baadaye udongo uliooza ukasombwa, mawe ya duara yakabaki yameketi juu ya wenzao kama yalivyokuwa ndani ya ardhi. Mtazame vizuri na mtaona ufa wa jiwe la juu unafuatana na ufa wa jiwe la chini. Waonyesheni watoto hilo kwa kidole, wengi hufurahi mpaka wanapiga makofi.

Mtaona pia mawe yanayobanduka magamba kama kitunguu. Mwamba uliozoea uzito wa ardhi juu yake hutanuka ukifunuliwa, na uso wake hupasuka kwa matabaka yanayofuata umbo la jiwe; joto la mchana, ubaridi wa usiku na maji huendeleza kazi hiyo. Hapa ndipo usalama unapoingia. Gonga tabaka kwa fundo la kidole au kijiwe. Likilia sauti kavu, thabiti, limeshikana na mwamba. Likilia tupu, kuna nafasi chini yake, na halifai kukanyagwa.

Kuhusu kupanda, sheria ni chache. Matale makavu hushika soli vizuri ajabu, lakini mchanga kidogo ukiwa chini ya kiatu, unateleza. Pangusa soli kabla ya kupanda. Mistari meusi inayoshuka ubavuni mwa mawe ni njia za maji ya mvua zilizoota viumbe vidogo sana. Ikiloa ni utelezi mtupu, na hukaa na unyevu hata baada ya sehemu nyingine kukauka. Asubuhi baada ya mvua ya usiku, msipande kabisa, someni mkiwa chini. Mtoto asipande juu ya mahali ambapo mwalimu aliyesimama chini anaweza kumshika kiuno. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka, na mtoto hulijua hilo akiwa ameshafika juu na ameanza kulia.

Mkono usiingie kwenye ufa usioonekana ndani. Humo hukaa nyoka, na Usukuma ina moma na swila. Ukisimama na kumwachia njia, nyoka huondoka. Lakini hatari tunayoihofia zaidi penye mawe ni nyuki. Hupenda mapango madogo yenye mdomo mwembamba. Kabla kundi halijasogea, kiongozi asimame kimya dakika mbili, asikilize na aangalie kama wadudu wanaingia na kutoka sehemu moja. Wakiwapo, tafuteni rundo jingine. Asiwepo mtu aliyejipaka manukato, wala anayevuta sigara, wala anayerusha mawe. Wakichokozwa, kimbieni moja kwa moja, mfunike uso kwa nguo, bila kupunga mikono, mpaka ndani ya nyumba au gari, au angalau mbali kabisa. Msijifiche karibu mkingoja watulie. Miiba ya nyuki ikwanguliwe mara moja kwa ukucha, na mtoto anayevimba uso au kupumua kwa shida apelekwe hospitali papo hapo.

Tukiondoa hofu hiyo, mawe haya yamejaa uhai wa kupendeza. Kabla ya saa 3 pimbi huota jua juu ya majabali, kwa kuwa mwili wake hauwezi kujitunzia joto vizuri. Mkiona michirizi myeupe ukutani mwa jiwe, hiyo si chokaa: ni mkojo wa pimbi uliokauka, maana ukoo mzima hutumia choo kimoja vizazi na vizazi. Mwambieni mtoto kwamba mnyama huyu mdogo ni ndugu wa karibu wa tembo, naye atataka kujua zaidi. Juu ya mawe hayo hayo yuko mjusi ambaye jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, ametajwa kwa jina la Mwanza yetu. Dume ana kichwa na mabega ya rangi nyekundu au zambarau na mwili wa buluu. Jike ni wa kahawia. Dume akiinua na kushusha kifua anawaambia madume wengine kwamba jiwe hilo ni lake. Kaeni mita tano mbali, msisogee, naye ataendelea na shughuli zake.

Madoa ya rangi ya chungwa, kijivu na kijani yaliyogandamana na mwamba ni kuvumwani, kiumbe hai, muungano wa kuvu na mwani, na hukua kwa kasi isiyozidi milimita chache kwa mwaka. Jina la mtu lililokwanguliwa kwa msumari hufuta kazi ya miaka mingi. Na mkuyu uliopitisha mizizi ndani ya ufa wa jiwe, simameni chini yake. Ndege alileta mbegu, ufa ulitunza maji, na sasa mzizi unaendelea kuupanua ufa.

Mtakutana pia na minyaa, ile mimea ya vijiti vya kijani bila majani inayozungushiwa kaya na zizi. Ni uzio mzuri kwa sababu mifugo haiugusi, na haiugusi kwa sababu ya utomvu wake mweupe. Mtoto akivunja kijiti na kujifuta jicho, utomvu huo unaunguza vibaya. Osheni jicho kwa maji safi yanayotiririka kwa robo saa nzima bila kuacha, kisha hospitali. Ndiyo sababu nyingine ya kubeba maji mengi. Upupu nao, wakati wa kiangazi: msikune. Bandikeni plasta juu ya ngozi na kuibandua, nywele zake zitatoka nayo.

Kabla ya kuondoka penye mawe, tafuteni kazi za binadamu. Jabali bapa ni uanja wa kukaushia. Baada ya mavuno ya viazi vitamu mtakuta juu yake michembe, vipande vilivyokatwa vikiwa vibichi, au matobolwa, vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa. Mwamba hushika joto, hauna udongo wa kuchafua chakula, na mvua ikinyesha maji hayatuami. Viazi ambavyo vikiwa vibichi huoza wiki chache baada ya kuvunwa, vikikaushwa hivi huweza kuliwa kwa miezi mingi. Tafadhali msikanyage, hata kama pameonekana hapana mwenyewe.

Mahali pengine mtakuta jiwe limeungua jeusi na jekundu, limezungukwa na vipande vikali. Hapo panapasuliwa kokoto: moto huwashwa juu ya mwamba, uso unatanuka haraka kuliko ndani, unapasuka, kisha nyundo inamaliza. Ni riziki ya watu, wengi wao akina mama, na nyumba zetu wenyewe zimesimama juu ya kokoto hizo. Lakini semeni ukweli wote na watoto: jiwe hilo halioti tena, na likiondoka linaondoka na pimbi, mkuyu na kizuizi cha udongo mteremkoni. Mawe ya kandokando ya njia ya Bujora tungependa yaachwe kabisa.

Kituo cha tatu ni makumbusho yenyewe. Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, ndiye aliyeanza kukusanya urithi huu Bujora, na mwaka 1968 makumbusho yakafunguliwa. Kanisa la mviringo lililopo hapo limebeba sanaa za Kisukuma, na bado watu husali ndani yake. Ingieni kwa heshima na kwa idhini, na Jumapili asubuhi waachieni waumini.

Viingilio hulipwa mkifika, lakini ulizeni kiwango cha wanafunzi kabla ya safari, na muwe na fedha za chenji. Mwombeni mwelekezi wa makumbusho afuate mpangilio huu badala ya kukimbilia ngoma: kwanza kaya, halafu mhunzi, halafu jengo la watemi, halafu ngoma za jukwaani, na mganga mwisho.

Penye kaya, tazameni kihenge. Kwa nini kimeinuliwa kutoka ardhini? Mchwa na unyevu. Fito zake, nyasi zake na mtama wake, mtoto ameviona njiani au ameviona vinakokua. Penye mhunzi, elezeni kwamba upande wa pili wa Ziwa Viktoria, Kagera, chuma kiliyeyushwa karibu miaka 2000 iliyopita, na kwamba wahunzi wa Kirongo wa pande za Geita walitengeneza majembe yaliyouzwa mbali sana kabla ya ukoloni. Chuma kinahitaji mawe yenye madini, mkaa mwingi na mivukuto ya ngozi. Mkaa maana yake miti. Hapo muulize miti hiyo ilitoka wapi.

Wengi huanza historia ya ziwa letu na Speke, msafiri Mwingereza aliyeliona kutokea upande huu wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Sisi tunasema anzeni na jembe. Lililima hapa kabla yake, na ngoma ya bugobogobo inayochezwa na majembe mikononi ilitoka kwa vijana waliolima kwa pamoja, shamba hadi shamba, wakienda kwa mdundo mmoja.

Jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Ngoma zilizomo zilikuwa alama ya utawala mpaka utemi ulipofutwa mwaka 1963. Mwili wa ngoma ni gogo moja lililochongwa ndani, ngozi ya ng'ombe ikawambwa ikiwa mbichi na kukazwa kwa vigingi vya mti. Ngozi hulegea kwenye unyevu, ndiyo maana wapigaji huipasha moto au kuianika juani kabla ya kucheza. Kwa sababu hiyo hiyo hizi za zamani haziguswi: jasho la mikono mia kwa wiki huziozesha, na ngozi kavu ya miaka mingi hupasuka kwa pigo moja. Mwelekezi akiwa na ngoma ya kuchezea, mwacheni aipige yeye. Vilevile tafuteni onyesho la kuhesabu moja hadi kumi, ambamo kila rika, wavulana, wasichana na watu wazima, lilikuwa na namna yake. Watoto wa shule hulipenda kuliko mikuki. Na kauri zilizopamba mavazi ndicho kitu ambacho hawakukipita njiani. Zilitoka Bahari ya Hindi, zikafika hapa kwa misafara.

Kwenye jengo la ngoma watasikia habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vilivyoanzishwa na Ngika na Gumha, vinavyoshindana mpaka leo. Vinacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watazamaji wengi ndiye mshindi. Kwa mganga watasikia pia masimulizi ya Ng'wanamalundi, mganga mashuhuri wa Kisukuma, ambaye husemwa kwamba alikausha miti kwa kuinyoshea kidole. Masimulizi yasikilizwe kama masimulizi, bila kubezwa na bila kukaririwa kama somo la fizikia.

Neno la hali ya hewa. Juni hadi Septemba ndiyo miezi mizuri: njia kavu, mawe makavu. Machi hadi Mei mvua ni nyingi, na Novemba na Desemba pia. Mkisikia radi, hata ya mbali, shukeni kwenye mawe mara moja na muondoke chini ya mti ulio peke yake. Ingieni ndani ya jengo au gari, mkae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kanda ya ziwa hupigwa na radi nyingi, na juu ya jabali mtu ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Mkimaliza, kuleni kivulini, taka zote zirudi mjini kwenye mfuko wenu, kisha gari liwachukue getini kabla ya saa 8. Wanaotegemea daladala wangoje jua lipungue, watoke saa 9 na nusu. Waliochoka waitiwe bodaboda, abiria mmoja mmoja, na mtu mzima atangulie Kisesa kuwapokea.

La mwisho ni la wanaotaka kuona ngoma zikichezwa. Sikukuu ya Bulabo huwa Juni, ikifuatana na sherehe ya Ekaristi, na hapo umati ni mkubwa mno kwa matembezi ya watoto wadogo, walete wakubwa. Wakati mwingine wasilianeni na makumbusho wiki mbili kabla na mkubaliane malipo mapema, kwa kuwa wachezaji ni wakulima, na mvua za kupandia zikianza hamtawakuta. Wabeja sana. Sasa maswali, tuanze na walioketi nyuma.